Karani wa Msaada wa Nyumba Afundishwe Nini?

Msimu mmoja wa mvua ndefu, kikundi kimoja tunachofanya kazi nacho kilikuwa kinagawa mabati ya kuezekea. Fomu tulitengeneza sisi wenyewe hapa ofisini, na tukajipongeza kwamba safari hii mambo yatakwenda kwa haki. Swali la nne liliuliza: "Una mtoto anayefanya kazi?" Mama mmoja mjane akajibu ndiyo. Kijana aliyekuwa akiandika akatia alama, akajumlisha, na yule mama akatoka kwenye orodha kwa sababu "anasaidiwa na mtoto". Baadaye ndipo tulipopata kujua kwamba mtoto mwenyewe alikuwa kibarua huko Mombasa, na kwa miaka miwili alikuwa hajatuma hata senti. Mama alinyeshewa pamoja na wajukuu wake mpaka mwezi wa sita.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya, wala hakula mlungula. Sisi ndio tuliompa fomu na kalamu bila kumfundisha kuuliza swali la pili.

Tangu wakati huo tumekuwa tukitafuta kujua jinsi kazi hii inavyofanywa na watu walioifanya kwa miaka mingi. Hapa kwetu serikali haimlipii mpangaji kodi ya nyumba. Uingereza inafanya hivyo, na imefanya makosa mengi katika kufanya hivyo, na makosa hayo yameandikwa. Ndiyo sababu tunaona inafaa tueleze habari zake kwa kirefu kidogo. Na tuelewane: kodi tunayosema hapa ni ile mpangaji anayompa landilodi kila mwezi au kila wiki, si ushuru wa serikali.

Msaada wenyewe

Mtu mwenye kipato kidogo anayepanga nyumba huko Uingereza anaweza kuomba alipiwe kodi yote au sehemu yake. Kwa miaka mingi aliyeshughulikia ombi hilo alikuwa karani wa halmashauri ya mji au ya wilaya, akifuata sheria iliyotungwa na serikali kuu. Kuanzia mwaka 2013 serikali ilianza kuwahamisha watu wa umri wa kufanya kazi kwenye mpango mwingine unaoendeshwa na wizara yenyewe. Ule wa halmashauri umebaki hasa kwa wazee waliofikia umri wa pensheni, na kwa wale wanaokaa katika nyumba za muda au nyumba za uangalizi.

Mpango huo ulianza kwa aibu. Sheria ilipitishwa mwaka 1982. Sehemu ya kwanza ikaanza mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na iliyobaki Aprili 1983. Watu wengi waliokuwa wakilipiwa kodi kupitia ofisi za serikali kuu walisukumwa kwa halmashauri kwa mara moja. Kanuni zilifika zikiwa zimechelewa, wafanyakazi walikuwa wachache, kompyuta katika sehemu nyingi hazikuwa tayari, na makarani walipewa hesabu ngumu ambazo hata wakubwa wao hawakuweza kuzieleza. Maombi yakarundikana mezani. Wapangaji wakaingia katika deni la kodi ambalo hawakulitaka, wakapanga foleni, wakaandikiwa barua zisizoeleweka. Ilibidi sheria nyingine itungwe mwaka 1986, na kanuni zilizorahisishwa zikaanza kutumika Aprili 1988.

Fedha zilikuwepo wakati ule, na sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu waliofundishwa na muda wa kuwafundisha. Mara nyingi vikundi vyetu vinatuandikia vikiomba fedha. Kinachotuomba mafunzo ya katibu bado hatujakiona.

Hesabu, halafu maswali

Karani mgeni huko hapewi mafaili siku ya kwanza. Kwa kawaida anakaa darasani na kitabu cha kanuni, anapewa maombi ya mfano ayafanyie kazi, kisha anaanza na maombi ya kweli huku mkubwa wake akikagua kila uamuzi kabla barua haijatoka. Akiendelea vizuri ukaguzi unapunguzwa. Inachukua miezi.

Hesabu ni sehemu rahisi, ingawa watu wanaiogopa. Wacha tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni. Mama anapanga nyumba ya paundi 100 kwa wiki. Kanuni zinasema mtu wa hali yake anahitaji paundi 90 kwa wiki za kuishi, na kipato chake ni paundi 110. Amezidi kwa paundi 20. Kanuni inachukua asilimia 65 ya hizo zilizozidi, yaani paundi 13, na kuziondoa kwenye kodi. Atalipiwa paundi 87, na 13 atajitolea mwenyewe. Angekuwa na paundi 90 au chini yake, angelipiwa zote 100. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Akiba nayo ina hesabu yake. Mzee wa umri wa pensheni haulizwi kitu juu ya paundi 10,000 za kwanza. Zikizidi, kila paundi 500, au sehemu ya 500, inahesabiwa kana kwamba inamletea paundi 1 ya kipato kila wiki. Mwenye 10,700 atahesabiwa paundi ngapi? Wengi husema moja. Jibu ni mbili, kwa sababu zile 200 zilizobaki nazo ni "sehemu ya 500". Maneno mawili matatu katika kanuni yanabadilisha fedha za mtu, na karani anayesoma haraka huyaruka.

Taabu iko kwenye maswali. Chukua swali la nani anaishi ndani ya nyumba. Kama mama yule ana kijana mtu mzima anayekaa naye, kanuni inadhani kijana anachangia kodi, iwe anachangia au hapana, na inakata kiasi fulani kulingana na mshahara wake. Kama kijana anafanya kazi na karatasi ya mshahara haikuletwa, ofisi inaweza kukata kiwango cha juu kabisa, ambacho kinaweza kumeza zile 87 zote. Kwa hiyo karani anatakiwa aulize: Je, kijana anakaa hapa au amekuja kutembea? Ana kwake? Anafanya kazi saa ngapi? Mshahara ni kiasi gani, na karatasi iko wapi? Tena je, mama mwenyewe ni kipofu, au anapokea msaada fulani wa walemavu? Maana kama ni hivyo hakikatwi kitu. Karani aliyeandika tu "mtoto anaishi naye" amefanya lile lile lililofanywa na kijana wetu wa mabati.

Kuna kanuni pia kuhusu anayepanga kwa ndugu. Mtu akimlipa kodi mzazi wake huku wote wanakaa nyumba moja, serikali haitambui kodi hiyo. Na kuna kanuni juu ya aliyesafiri. Mpangaji akiwa nje ya nyumba yake lakini bado yuko Uingereza, anaweza kuendelea kulipiwa mpaka wiki 13 kama ana nia ya kurudi na nyumba hajaipangisha kwa mwingine. Akiwa amelazwa hospitali ni mpaka wiki 52. Akitoka nje ya nchi, tangu Julai 2016 ni wiki 4 tu, na zinaweza kuongezwa mpaka 4 nyingine kama amefiwa na ndugu wa karibu. Wale walio na jamaa huko wataelewa uzito wake. Mtu anarudi nyumbani kuzika, matanga yanakuwa marefu, kesi ya shamba inaibuka, na huku nyuma wiki zinahesabiwa. Karani mzuri anamweleza mapema, kabla hajakata tiketi.

Tarehe na karatasi

Kanuni zinampa mwombaji mwezi mmoja kuleta karatasi alizoombwa, au zaidi kama kuna sababu. Ofisi nayo, ikishapata kila kitu, inatakiwa kuamua katika siku 14 au mara tu inapowezekana baada ya hapo. Angalia kwamba saa inaanza kuhesabiwa karatasi zikikamilika. Karani mvivu akiomba karatasi moja leo na nyingine wiki ijayo na ya tatu mwezi ujao, kwenye rejista hajachelewa hata siku moja, lakini landilodi hangoji rejista. Kwa hiyo wanafundishwa kuomba vyote kwa barua moja.

Na barua ya uamuzi lazima iseme mtu amepewa kiasi gani, na kwamba anaweza kuomba aandikiwe sababu, na kwamba anaweza kukata rufaa. Sisi tulipokuwa tunagawa mabati hatukuandikia mtu barua. Majina yalisomwa baada ya ibada, na ambaye hakusikia lake alijua mwenyewe kwamba amekosa.

Ofisi ikikosea

Sehemu hii ndiyo iliyotugusa zaidi. Karani akikosea na mtu akalipwa zaidi ya haki yake, je, azirudishe? Kanuni za Uingereza zinatenganisha. Kama mwombaji alificha jambo au hakutoa taarifa ya mabadiliko, fedha zinadaiwa. Kama kosa ni la ofisi, na mwombaji hakulichangia, na hakuna namna ambayo angetambua kwamba amepewa zaidi, hadaiwi. Ofisi inakula hasara yake.

Kwa hiyo karani anajifunza kuuliza maswali ambayo hakuna apendaye kuyauliza: Huyu mama alituambia, sisi tukasahau? Barua yake ilipokelewa lini? Imepigwa muhuri? Je, barua yetu kwake ilikuwa wazi kiasi kwamba angeona kosa? Ofisi isiyopiga muhuri wa tarehe kwenye kila karatasi inayoingia haiwezi kujibu, na ofisi isiyoweza kujibu hupenda kumlaumu asiyekuwepo. Tumeona katika vikundi vyetu mwanachama akidaiwa mifuko miwili ya saruji "aliyopewa kimakosa" baada ya kuwa imeshakuwa sakafu. Nani alikosea? Hakuna karatasi.

Nani asikilize malalamiko

Mpaka Julai 2001, mpangaji wa Uingereza asiyeridhika alipelekwa mbele ya baraza la madiwani. Madiwani hao walikuwa wa halmashauri ile ile iliyomkatalia. Wengi waliona hakuna ubaya, kwani madiwani ni watu wazima waliochaguliwa.

Kisha kukatokea kesi ya mwanamke kutoka Ethiopia aliyefika Uingereza mwaka 1993 kutafuta hifadhi. Aliishi London na alikuwa analipiwa kodi, lakini fomu ilitakiwa ijazwe upya kila baada ya muda. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na mambo ya ofisi hakuyajua. Mwaka 1997 fomu haikurudishwa. Alikuja kushtuka mwaka 1998 alipopata barua ya deni la kodi. Akaomba msaada wa nyuma, akieleza sababu zake. Halmashauri ikakataa. Mwaka 1999 madiwani watatu wakamsikiliza, na wakasema hawamwamini.

Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba hakutendewa haki. Mahakama haikusema kwamba madiwani wale ni waongo au wala rushwa. Ilisema kwamba swali lenyewe lilikuwa kama mwanamke huyu anasema kweli au hapana, na swali kama hilo haliwezi kuamuliwa na watu wa upande uliomkatalia. Kufikia wakati huo sheria yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa. Tangu Julai 2001 rufaa zinakwenda kwa baraza lisilo la halmashauri.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na hao pia walikuwa ni wale wa lugha nyingine. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wanyamaze. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wa kuifanya kazi hiyo, na inafaa kuona kwamba majina ya wale saba ni ya Kigiriki, yaani yanafanana na ya upande uliolalamika.

Kanuni ya zamani iliyosahauliwa

Aprili 2013 serikali ya Uingereza iliamua kwamba mpangaji wa nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba, akiwa bado wa umri wa kufanya kazi na ana chumba kimoja cha ziada, akatwe asilimia 14 ya kodi inayohesabiwa katika msaada wake. Vikiwa viwili au zaidi, asilimia 25. Makarani walifundishwa kuhesabu vyumba. Wakahesabu.

Lakini ndani ya kanuni kulikuwa na kifungu cha zamani kilichowalinda watu waliokuwa wakipata msaada huo mfululizo katika nyumba ile ile tangu tarehe 1 Januari 1996. Kifungu hicho hakikuwa kimefutwa. Walioandika kanuni mpya hawakukiona, na darasani hakikutajwa. Ilipofika Januari 2014 wizara ikaziandikia halmashauri kwamba watu hao hawakupaswa kukatwa. Basi ikawa kazi ya kutafuta mafaili ya miaka 18 iliyopita. Kompyuta nyingi hazikuwa na kumbukumbu za zamani kiasi hicho. Mpangaji aliyekuwa ameweka barua zake za zamani ndani ya sanduku alikuwa na ushahidi kuliko ofisi. Mwezi wa Machi mwaka huo serikali ikakifunga kifungu, lakini kwa miezi iliyotangulia ilibidi watu warudishiwe fedha zao.

Vikundi vingi vina katiba iliyopigwa chapa zamani, na maazimio ya mikutano yaliyofuata yako kwenye madaftari matatu tofauti, moja liko kwa mke wa marehemu mwenyekiti. Katibu mpya anapewa daftari la mwisho tu. Hawezi kujua kwamba mwaka fulani kikundi kiliazimia mwanachama mlemavu asilipe mchango wa kuezeka. Atamdai, na atamdai kwa nia njema kabisa.

Tulivyobadilisha kwetu

Tulimrudia yule mama. Alipata mabati katika mgao uliofuata, na tulimwomba msamaha mbele ya mkutano, jambo ambalo baadhi ya wanakamati hawakulipenda.

Fomu ya sasa haiulizi kama mtu ana mtoto anayefanya kazi. Inauliza: "Katika miezi sita iliyopita ulipokea nini, kutoka kwa nani, na mara ngapi?" Anayejaza ni karani, lakini anamsomea mwombaji alichoandika, kwa lugha ya nyumbani ikibidi, kabla hajaweka kidole. Makarani wawili wanapitia kila fomu, kila mmoja peke yake, na wasipokubaliana wanakwenda kuiona nyumba. Kabla ya kuanza, tunawakalisha siku mbili na fomu kumi za watu wa kubuni, ambazo ndani yake tumeficha mitego. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, wote walikosa ile ya bibi anayemlea mtoto asiye wake.

Anayekataliwa anapewa karatasi yenye sababu katika sentensi moja au mbili, na jina la watu watatu wa kuwaendea. Hao watatu si wa kamati. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, inampa mtu haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake. Kama kifungu hicho kinakifikia kikundi cha kijiji au hakikifikii, hilo tunawaachia mawakili. Sisi tumeamua kuandika tu. Tena karatasi hizo zinafungiwa kwenye sanduku la chuma, kwa sababu umaskini wa mtu si habari ya kusimuliwa kisimani.

Kazi inakwenda polepole kuliko zamani. Mgao uliopita ulichukua wiki tano badala ya mbili, na mvua nusura itukute. Malalamiko yalikuwa manne. Mawili yalikubaliwa na wale watatu, na orodha ikabadilishwa. Vikundi vinavyotaka zile fomu kumi za mafunzo viombe katika ofisi ya maendeleo ya dayosisi. Tafadhali mtume watu wawili kwa kila kikundi, na mmoja wao asiwe mwenyekiti.